Canter 4D33 inalia tak tak tak: niseti tapeti, nipime noseli, nishushe injini au ninunue ya mtumba?

Mpakia Viazi
Wakuu habari za jioni. Nina Canter ya 1996, injini 4D33, inabeba viazi Njombe kwenda Dar. Wiki ya pili sasa inalia tak tak tak huku juu, asubuhi ikiwa baridi inalia sana, ikipata moto inapungua lakini haiishi, na ukikanyaga mafuta mlio unakimbia na injini. Nguvu ipo, juzi imepanda Kitonga na mzigo wa kurudi bila kuchemsha, oili haipungui. Fundi wa kwanza kasema konrodi hiyo, ule mkono wa pistoni, shusha injini. Wa pili kasema noseli zote nne, zile zinazopuliza dizeli ndani ya silinda, zikapimwe. Wa tatu kasema niseti tapeti tu, yaani uwazi wa valvu. Na muuza injini za mtumba kashanipigia simu mara mbili. Hela niliyonayo inatosha kitu kimoja na watoto wanafungua shule mwezi ujao, nianze na lipi?

Dereva wa Makambako
Pole kaka. Kabla ya yote taa ya oili, injini ikiwa moto kwenye sailensi, yaani inaunguruma bila kukanyaga mafuta, inawaka au inapepesa? Kama inawaka paki hapo hapo usisogee hata kilomita moja, maana beringi ikishakula krankshafti, ile shafti kuu ya injini, hapo hamna cha kulinganisha tena.

Mpakia Viazi
Haiwaki mkuu. Nimeweka oili ya 15W-40, kwenye stiki kiwango kiko pazuri.

Kijana wa Gereji
Basi hesabu mlio. Kamshafti, ile inayofungua valvu, inazunguka nusu ya krankshafti, so kwa mizunguko 700 valvu moja inafunguka mara 350 kwa dakika, kama sita hivi kwa sekunde. Ukisikia mwendo huo ni tapeti, malizana nayo.

Fundi wa Hedi
Mdogo wangu hesabu yako iko sawa ila jibu hapana. Noseli nayo inapiga mara moja kila mizunguko miwili ya krankshafti, kwa hiyo tapeti na noseli zina mwendo ule ule, sikio haliwezi kuzitenganisha kwa kuhesabu. Kinachozitenganisha ni kukata silinda moja moja. Washa gari ikae sailensi, legeza nati ya bomba la noseli ya kwanza nusu mzunguko, mafuta yatoke pale yasiingie kwenye noseli, sikiliza, kaza, nenda ya pili mpaka ya nne. Mlio ukififia au ukibadilika kwenye silinda fulani, shida inafuata moto wa silinda hiyo, yaani noseli, au konrodi, au pini ya pistoni, au gesi inavuja. Ukikata zote moja moja na mlio haujali kabisa, hapo sasa hamia kwenye tapeti. Mkono na uso viwe mbali na ile nati, dizeli ya presha inapenya ngozi na ukiona kidonda kidogo ujue ndani ni kikubwa, hospitali siku hiyo hiyo. Na hii ni kwa hizi injini za zamani za pampu, wenye komonreli, yaani injini mpya za kompyuta, msiguse, presha yake ni kitu kingine kabisa.

Mama Mzigo
Kaka mie nakuomba injini ya mtumba uiweke mwisho kabisa. Mwaka juzi nilishawishika hivyo hivyo kwa mlio kama wako, nikanunua, ikafungwa, na yenyewe ikaja na mlio wake, ya zamani nimeshaiuza kama chuma. Injini yako unaijua, imekupandisha mlima, ile ya dukani inawashwa dakika mbili chini bila mzigo, utajua nini hapo?

Dereva wa Makambako
Dada umesema kweli. Halafu hii ya kulia baridi na kupungua moto, mchungulieni pia gasketi ya eksozi menifoldi, pale bomba la moshi linapofungwa kwenye injini, chuma kikipata moto kinatanuka kinaziba. Ukiona masizi meusi kwenye maungio ndiyo hiyo, bei yake ndogo. Chini ya noseli nako, kopa wosha, ile wosha ya shaba, ikivuja inapiga tak tak vile vile, mwagia maji ya sabuni utaona povu.

Fundi wa Hedi
Na kwa anayeogopa konrodi, kata filta ya oili uangalie. Usitumie msumeno, utamwaga unga wa chuma ndani halafu ukudanganye, tumia kifungua kopo. Kunjua ile karatasi juani, ikikamuliwa ikaacha chenga za kung'aa rangi ya fedha au shaba ndiyo unashusha injini. Ikiwa safi, fungua kava ya tapeti. Injini ikiwa baridi, fila (kibati cha kupimia uwazi) ya milimita 0.40 kwa valvu zote, intek za kuingiza hewa na eksozi za kutoa moshi. Pistoni ya silinda ya 1 ikiwa juu kabisa kwenye kompresheni, valvu zake zimefunga, unaseti valvu zote mbili za silinda ya 1, intek ya 2, eksozi ya 3, zungusha mzunguko mmoja kamili umalizie zilizobaki.

Mpakia Viazi
Wakuu narudi na majibu. Nimekata silinda zote nne, injini inatetemeka lakini mlio uko pale pale haujagusika. Filta safi, masizi hamna. Leo asubuhi tumefungua kava, valvu saba kati ya nane ziko sawa, eksozi ya silinda ya 2 fila ya 0.40 ikapita kwa kubana vizuri tu, nikavunjika moyo kabisa. Fundi akapitisha kidole kwenye uso wa roka, ule mkono unaoisukuma valvu, pale unapokaa juu ya valvu, akanishika na mimi kidole nipitishe, kuna kishimo kimelika ukucha unanasa. Kumbe fila ilikuwa inalala kwenye kingo za kishimo kama daraja, uwazi wa kweli uko chini yake. Pushirodi, fimbo inayoisukuma roka, tumeiviringisha juu ya kioo, imenyooka. Tumeweka roka nyingine, 0.40, gasketi mpya ya kava.

Fundi wa Hedi
Safi sana. Tundu la oili kwenye roka shafti, shafti inayobeba roka, mmelizibua? Roka hailiki peke yake hivihivi.

Mpakia Viazi
Lilikuwa limeziba nusu mkuu, tumepitisha waya na hewa. Gari imetulia, nasikia mpaka feni. Kesho saa kumi alfajiri napakia.