Kura 54 zinashindwaje na 46?

Dereva wa Sakina:
Wakuu, mimi ni dereva wa watalii hapa Arusha. Wiki iliyopita nilikuwa na mume na mke kutoka Texas. Pale geti la Loduare, Ngorongoro, akapita askari wa hifadhi na bunduki begani. Mzee akachangamka, akataja aina yake mpaka risasi zake. Mkewe akageuza uso. Kuanzia hapo mpaka chini kreta hakuna aliyetazama nyati.

Mama ni mwalimu mstaafu wa darasa la kwanza. Akataja shule ya Sandy Hook, Desemba 2012, walipouawa kwa risasi watoto 20 na watu wazima 6. Kwamba Aprili 2013 Seneti ya Marekani ikapigia kura pendekezo la kuwachunguza wanaonunua silaha kwenye maonyesho ya bunduki na mtandaoni: 54 ndiyo, 46 hapana. Likaanguka! Mzee akajibu neno moja, "Katiba", akarudi kwenye kuku wa lanchi boksi yake. Mimi kimya, tipu ilikuwa bado haijatoka.

Hata kwenye kikoba chetu wengi wakishasema yamekwisha. Hii hesabu ikoje?

Binti Kiboriloni:
Zilitakiwa 60, kaka. Seneti ina watu 100 na mambo mengi hayapiti bila hizo. Halafu kila jimbo lina maseneta wawili: Wyoming yenye watu wasiofika laki sita na nusu iko sawa na California yenye milioni 39 hivi. Na huko Wyoming bunduki ni kama panga huku kwetu Uru, nyumba nyingi zinayo.

Broka Mstaafu:
Nilikuwa Mirerani, nina bastola. Nilianzia kwa mwenyekiti wa mtaa, nikapanda ngazi mpaka polisi, na kila meza swali ni lile lile: ya nini? Kwa Mmarekani ni haki, imo kwenye Marekebisho ya Pili ya Katiba yao, ya mwaka 1791. Zamani walibishana kama ni ya mgambo tu. Mwaka 2008, kesi ya Heller, Mahakama ya Juu ikasema ni ya mtu binafsi, akae nayo nyumbani ajilinde. Huyo mzee wako hakukosea, ila angemaliza kuku kwanza amjibu mkewe vizuri.

Dereva wa Sakina:
Hahaa, shikamoo mzee. Kumbe ndiyo maana hata baada ya mauaji ya shuleni kule Uvalde 2022, watoto 19 na walimu 2, sheria iliyopita ni ya kuwachunguza zaidi wanunuzi wa chini ya miaka 21 na mengine machache.

Njiani kwenda KIA yule mama alinisimulia walivyokuwa wakifanya mazoezi darasani: taa zinazimwa, mlango unafungwa, watoto wanabanana kona, kila mmoja na pipi ya kijiti mdomoni ili asitoe sauti. Akaniuliza wanangu shuleni wanafanya mazoezi gani asubuhi.

Nikamwambia mchakamchaka. Akataka nimwimbie.