Majina ya minada gazetini: naweza kuwatafuta wateja humo?

Karani_Changamwe:
Assalam aleikum wadau. Nilikaa miaka sita kwenye dawati la mikopo, sasa nimetoka. Nataka kuwasaidia watu ambao nyumba zao zinakaribia kupigwa mnada: kuwasomea notisi, kuwaandikia barua za kuomba muda, kuwapeleka kwa wakili. Nakata matangazo ya minada gazetini. Jina la mwenye nyumba lipo, namba ya ploti ipo, hadi idadi ya vyumba. Daftari limeshafika watu 63 wa Mombasa na Kilifi. Namba za simu, kuna jamaa kasema atanitafutia. Nikiwatumia ujumbe nina kosa? Si tangazo limetolewa hadharani?

Bi_Mtwapa:
Mwanangu, mimi nimewahi kuwa kwenye daftari kama hilo lako. Nyumba yetu ilipotoka gazetini nilikuwa sina habari hata kama mkopo umekwama. Saa moja asubuhi niko na karai la maandazi, simu inalia, sauti siijui: "Mama, pole na mnada. Tuma elfu kumi na tano ya faili, tunausimamisha leo." Mnada gani? Yale maandazi yaliungua yote, wateja wakaenda zao.

Hadi adhuhuri walikuwa wamepiga tisa. Mmoja akanitajia vyumba vyangu vitatu na kisima. Ni kweli yameandikwa gazetini, lakini ukiyasikia kwa mtu usiyemjua ni kama kasimama uani kwako.

Na pesa nilituma, nisikufiche. Simu yake haikupatikana tena.

Aliyenifaa ni wakili niliyeelekezwa na mwenzangu wa chama. Swali lake la kwanza: "Wewe uliridhia kwa maandishi nyumba iwekwe rehani?" Maana nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi. Wale tisa hakuna aliyeniuliza hilo.

Mshika_Kengele:
Nimekuwa karani wa dalali wa minada, kwa hiyo nakuhesabia siku. Chini ya Sheria ya Ardhi ya 2012, benki hutoa kwanza notisi ya miezi mitatu ya kulipa deni. Mtu asipolipa, inafuata notisi ya kuuza, siku zisizopungua 40. Kisha dalali naye anampa siku 45 za kukomboa. Barua zote hizo wewe huko nje huzioni. Gazeti linakuja mwisho, na mnada unaweza kufanyika siku 14 tu baada ya tangazo la kwanza.

Sasa piga hesabu mwenyewe. Barua ya kuomba muda, ambayo ndiyo kazi unayoijua, inafaa ile miezi mitatu ya mwanzo. Ukimpata mtu gazetini kabakiza wiki mbili, na hapo anahitaji wakili wa kukimbilia mahakamani, si wewe. Ukimpeleka, usitarajie mgao: wakili haruhusiwi kugawana ada yake na asiye wakili.

Kuhusu data: Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakubali kukusanya kilichomo kwenye rekodi ya umma. Kukitumia kutafutia biashara ni jambo jingine, hapo unahitaji idhini ya mwenyewe. Na simu haimo kwenye tangazo. Huyo jamaa yako anaitoa wapi?

Karani_Changamwe:
Kwa kweli sikumuuliza. Alitaka mia mbili kwa kila namba, nikajua ni bei ya soko 😅 Nimemwambia aache. Bi Mtwapa, samahani. Lakini basi hao watu nitawapataje kabla ya gazeti, kama barua wanazijua wao tu?

Bi_Mtwapa:
Wao hawazijui pia, ndiyo shida. Wewe njoo huku wakati akina mama wa chama wanakutana, au uombe nafasi msikitini baada ya Alasiri. Beba notisi ya mfano, isiyo na jina la mtu. Waonyeshe bahasha yenyewe inavyofanana, tarehe inakaa wapi, siku zinahesabiwa tangu lini. Namba yako waachie. Mwenye shida atakupigia, tena usiku, mumewe akishalala.

Zile barua za benki nilikuja kuzikuta stoo, ndani ya mfuko wa simiti. Tatu, na hata moja haikuwa imefunguliwa.