Basi la wazi juu, nganya ya kukodi ama teksi: mgeni azungushwe Nairobi na gani?

KijanaWaUmoja
Wadau habari zenu. Mjomba anakuja kutoka Mombasa na shangazi na mabinamu, na huyu binamu mdogo ametuambia wazi hataki kupelekwa kuona twiga na kurudishwa nyumbani, anataka kuona mahali masupastaa wanaishi, kama ile ya Los Angeles unapanda gari halina paa na mtu wa maiki anakuonyesha nyumba ya fulani ile pale. Nina mawazo matatu: basi la ghorofa la wazi juu, tukodi nganya (matatu iliyopambwa, ya muziki mkubwa) siku nzima, ama teksi mbili tujizungushe wenyewe mitaa ya matajiri, Karen na Muthaiga. Mjomba goti linamsumbua, hilo mliweke akilini. Mnasemaje?

MtuWaLangata
Karen mtaona mageti. Nasema hivi nikiwa jirani. Kuna ua la kayaba, nyuma ya kayaba kuna miti, nyuma ya miti kuna waya wa stima, hata ukipanda ghorofa ya juu ya hilo basi utaona tu matawi, na mengine yatakupiga uso. Mtu mashuhuri mwenyewe anapita na gari la vioo vyeusi na humjui. Muthaiga ni hivo hivo, marehemu rais Kibaki alikaa huko miaka yote na mpita njia alikuwa anaona askari. Kama lazima Karen, ingieni nyumba ambayo mlango uko wazi, ile ya mwandishi Karen Blixen, aliishi hapo 1917 mpaka 1931 na sasa ni makumbusho. Veranda inaangalia Ngong Hills, mjomba anaketi hapo nje goti linapumzika, watoto wanazunguka shamba.

Kanairo_Ughaibuni
Na hata hiyo ya LA msidhani ni tofauti sana. Nilipanda, ni kavani kadogo wamekata paa, mnapandishwa Mulholland Drive mnapiga picha ile bango la Hollywood kwa mbali (hilo bango liliwekwa 1923 likisoma HOLLYWOODLAND, ilikuwa tangazo la kuuza ploti, kwa hivyo mambo ya ploti si Kitengela peke yake 😂), halafu mnashuka Beverly Hills na hapo ni ua na geti, ua na geti, jamaa wa maiki anasema staa fulani alikaa hapa na nyinyi mnapiga picha ya mti. Kinachobeba ile safari ni mdomo wa mwenye maiki. Kwa hivyo kabla ulipie basi lolote Nairobi uliza nani anaongea, na kama ni mtu ama ni rekodi.

DereMstaafu
Basi la wazi ni la tao, katikati ya jiji, na ni Jumapili asubuhi. Siku nyingine mtakaa kwa jam ya Haile Selassie mkipumua moshi na jua la saa sita linawachoma kichwa. Jumapili barabara ziko tupu na kutoka juu unaona vizuri: sanamu ya Dedan Kimathi wa Mau Mau amesimama na bunduki mkono mmoja na kisu mkono mwingine, ya waziri Tom Mboya pale Moi Avenue na wale flamingo miguuni, karibu tu na mahali alipigwa risasi 1969, watu hupita hapo kila siku wakikimbilia matatu hata hawainui macho. Halafu KICC, lile jumba refu la mikutano, mpande juu kabisa, lifti iko. Ile bustani ya kumbukumbu ya bomu la 1998 mshuke, majina yameandikwa ukutani, hapo si pa kutazama ukipita. Na karibu na State House simu ziingie mfukoni tafadhali.

BintiWaJogooRoad
Mimi nauliza tu, masupastaa wa nani? Wanamuziki wa Nairobi walitoka mitaa kama huku kwetu. Kalamashaka ni Dandora, Jua Cali ni California, marehemu E-Sir ni South C. Kodi nganya mpite Jogoo Road, mwonyesheni huyo binamu Kaloleni Social Hall ambapo wazee wa siasa walikuwa wanakutana kabla ya uhuru mpaka pakaitwa House of Commons, mkimaliza mshuke soko la Burma mle nyama. Nganya yenyewe ndo supastaa, mkisimama stage watu wanapiga gari picha, hawajali nyinyi mlio ndani.

MamaWawili
Nganya na goti la mzee?? Ngazi iko juu, spika iko chini ya kiti, na shangazi wa Mombasa atateremka pale stage ya Muthurwa aende na mguu. Kodini kama mnataka lakini mkubaliane na dere MAPEMA sauti iwe chini, na muulize kama leseni yake inaruhusu kukodiwa nje ya ruti yake, msije mkasimamishwa na askari mjomba akaanza kulipa vitu asivyovijua. Bei nayo mtume mtu wa mtaa akaongee, wakisikia lafudhi ya Pwani inapanda.

KijanaWaUmoja
😂😂 shangazi mnamjua. Sawa, teksi za Muthaiga nimefuta. Naona basi la wazi Jumapili asubuhi kwa wazee, halafu nganya mchana mimi na mabinamu peke yetu, wazee wabaki Karen kwa hiyo veranda. Swali: mvua ikinyesha kwa hilo basi?

DereMstaafu
Mnashuka chini kama kila mtu. Lakini uliza kama chini kuna viti vya kutosha watu wote, kuna waliojaza juu na chini, mvua ikaja watu wakafunikwa na karatasi za nailoni kama mboga za soko la Marikiti. Na mjomba akae chini tangu mwanzo, dirisha la upande wa kushoto, ngazi za ndani ni nyembamba.

BintiWaJogooRoad
Na hiyo nganya ya mchana nafasi ya mtu mmoja iko? Naulizia rafiki.