Programu gani ya kubana nyimbo za demo bila kuua sauti?

MwambaoSauti:
Habari zenu wakuu. Nina nyimbo nne za demo, kila moja dakika 4, WAV (sauti isiyobanwa) ya biti 24, 48 kHz. Kila faili ni karibu MB 69, haziingii kwenye barua pepe. Natumia Windows. Zinakwenda kwa mapromota na kwa mtayarishaji mmoja, na wengi watasikiliza kwenye simu. Kuna programu za kubana za bure na za kulipia, sijui nichukue ipi. Pia naona kitufe cha "Compressor" kwenye Audacity (programu ya kuhariri sauti), ndicho hicho?

FundiMikisi:
Mkuu, hicho sicho kabisa. Kompresa ya Audacity inapunguza tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo. Haipunguzi ukubwa wa faili hata kidogo, na ukiipitisha juu ya wimbo uliokwisha kumalizwa utauminya bure.

Usilipie kitu. Kinachoamua ubora ni enkoda iliyo ndani, yaani kipande kinachobana sauti, na kwa MP3 enkoda ya kuaminika ni LAME, ambayo ni ya bure na imo tayari ndani ya Audacity. Fungua WAV, nenda File, Export Audio, chagua MP3. Kwenye Bit Rate Mode weka Variable, Quality weka 2 (170-210 kbps, yaani kilobiti kwa sekunde). Wimbo wa dakika 4 utatoka MB 5 hadi 6, zote nne kama MB 23. Kwenye barua pepe usiziweke zote pamoja, kwa sababu kiambatisho huvimba kwa karibu theluthi moja kikisafirishwa. Tuma mbili mbili.

Kayamba_Juu:
Naongezea jambo ambalo watu hulisahau, kisha wanailaumu MP3. Kama wimbo umepandishwa mpaka unagusa 0 dB, kikomo cha juu cha sauti ya kidijitali, ukiubana vilele vya sauti vinaruka juu ya pale vilipokuwa, kwa sababu enkoda inalijenga wimbi upya kwa kukadiria. Simu inapolifungua, vilele vinakatwa na sauti inapasuka, hasa pale besi na kiki (ngoma kubwa) vinapogonga pamoja. Kabla ya kutoa faili ingia Effect, Amplify, kwenye New Peak Amplitude andika -1.5. Hiyo tu.

Usishuke hadi 96 kbps kwenye MP3 ili kuokoa MB mbili. Sikiliza kwa hedifoni sehemu yenye makofi au rimu kavu (pigo la ukingo wa ngoma) bila vyombo vingine: kabla ya pigo utasikia "fss" fupi, kama mtu anavuta pumzi. Enkoda inakata sauti vipande vipande, na kelele ya kukadiria inasambaa kwenye kipande kizima, hata ile sehemu iliyo kabla ya pigo. Kayamba na haihati (sahani za ngoma) nazo zinageuka maji yanayochuruzika. Muziki wetu umejaa vitu hivyo, kwa hiyo ndivyo vya kupimia, si sauti ya mwimbaji.

TaaLaini:
Mbona hakuna aliyetaja Opus, aina nyingine ya kubana sauti? Kwa 96 kbps inaishinda MP3 ya 128 kwa mbali, na wimbo wako unakuwa MB 2.9. Kwa ffmpeg, programu ya bure unayoiandikia amri, ni mstari mmoja:

ffmpeg -i wimbo.wav -c:a libopus -b:a 96k wimbo.opus

FundiMikisi:
Kwa sauti ni kweli tupu. Lakini demo inakwenda kwa mtu ambaye hujui ana simu gani. Faili ya .opus ikigoma kufunguka, promota hatakupigia kuuliza, anapita wimbo unaofuata. MP3 inafunguka hata kwenye redio ya gari. Opus iweke kwa ajili ya tovuti yako.

Kama unataka ndogo zaidi, kata urefu kuliko kukata ubora. Sekunde 90 zenye kiitikio, kwa Quality 2, ni kama MB 2:

ffmpeg -ss 40 -t 90 -i wimbo.wav -af "volume=-1.5dB,afade=t=out:st=87:d=3" -c:a libmp3lame -q:a 2 demo.mp3

Inaanzia sekunde ya 40 na kufifia sekunde tatu za mwisho. Kama umeshashusha kwa Amplify, ondoa hiyo volume=-1.5dB.

MwambaoSauti:
Asante sana wakuu. Nina nyimbo nyingine mbili ambazo WAV zake zimepotea, zipo MP3 za 128 tu. Nizitoe upya kwa 320?

Kayamba_Juu:
Hapana. Kilichotupwa hakirudi, utapata MB 9.6 za sauti ile ile, na imebanwa mara ya pili juu yake. Zitume kama zilivyo. Kuzifunga kwenye zip nako hakusaidii, tayari zimebanwa. Kwenye WhatsApp tuma kama dokumenti, faili inafika ilivyo. Kagua pia picha ya jalada kwa Mp3tag, programu ya kuhariri maelezo yaliyo ndani ya faili: picha kubwa inaweza kuongeza MB mbili au tatu ndani ya kila wimbo. Pikseli 500 kwa 500 zinatosha. Humo humo jaza jina la msanii na namba ya simu, maana jina la faili hubadilishwa njiani.

MwambaoSauti:
Na yule mtayarishaji? Anataka mdundo mtupu ili mwimbaji arekodi juu yake.

TaaLaini:
Huyo usimpe MP3. LAME inaongeza ukimya mwanzoni, na ukijumlisha na wa upande wa kufungulia inafika sampuli 1,105, kama milisekunde 23 kwenye 48 kHz. Programu nyingine za kurekodia hazikati ukimya huo. Sauti ikirekodiwa juu yake, kisha ukaiweka kwenye WAV yako, mwimbaji atachelewa kila mstari na utadhani hana mwendo. Mpe FLAC: inapunguza hadi nusu au theluthi mbili, na ikifunguliwa ni WAV ile ile, biti kwa biti. Ipandishe kwenye Google Drive, mtumie kiungo.