Tupeane uzoefu: umewahi kuchubuliwa uso au mdomo na mmea? Ulifanyaje?

Mtoto wa Nkuhungu (mwenye uzi)
Wakuu habari za Dodoma na hili joto. Embe zimeingia sokoni na mdogo wangu mdomo umevimba, pembeni vipele vya maji vimejaa, kisa alimenya embe kwa meno. Shangazi anasema fangasi, jirani anasema kuna mtu anamchezea, duka la dawa wametoa tyubu ambayo siielewi. Nataka waliopatwa usoni au mdomoni tu, maana mguuni unavaa suruali maisha yanaendelea, uso unaenda nao kazini. Lete mmea gani, ulikula nini, nini kilisaidia.

Fundi Panga
Mie nasafisha viwanja, na huku Chamwino na Bahi kiwanja cha zamani hakikosi uzio wa minyaa. Ukiupiga panga unatema maziwa, jua la saa saba jasho linatiririka, ukijifuta tu na mkono umekwisha. Yalinirukia shavuni mpaka kona ya mdomo, mwanzo wala husikii kitu, baadae ni moto wa pilipili kichaa. Maji matupu hayatoi ule utomvu, yanapita juu tu, unataka sabuni, povu, suuza, rudia tena.
Jicho ndo habari nyingine kabisa. Mwenzangu yalimwingia, tukamlaza tukawa tunammiminia maji safi ya dumu taratibu robo saa nzima, yeye analia tumwache na sie hatukumwacha, ndo tukamkimbiza hospitali. Aliona ukungu siku kadhaa, akapona. Wazee pale walisema atafutwe mama anayenyonyesha amkamulie maziwa, nikasema wazee wangu shikamooni ila maji si haya hapa? Sahivi nafyeka na miwani ya fundi wa kuchomelea, wananicheka, wacheke.

Mama Kondoa
Mwenye uzi pole, ya mdogo wako naijua sana. Shida sio nyama ya embe, ni utomvu wa kwenye kikonyo na lile ganda. Na haitokei palepale, unakula leo inaumuka kesho au keshokutwa, ndo maana watu wanasingizia dagaa wa jana usiku.
Kwenye kula sasa, maana hapo ndo watu wanateseka na hakuna anayewaambia. Ugali wa moto sahau. Mie mlenda ndo uliniokoa, ule wa unga, hauna limao hauna pilipili, chumvi unaigusisha tu, na tonge dogo la ugali wa uwele uliopoa, linateleza lenyewe wala halikwaruzi mdomo. Maziwa mgando ya baridi, uji uliopoa vizuri. Ndimu, kachumbari, nyanya mbichi na hizi zabibu zetu zikiwa bado chachu kaa nazo mbali. Maji nilikunywa kwa mrija. Dawa ya meno yenye mnanaa inawaka moto, nikawa napiga mswaki na maji tu. Usiku napaka mafuta ya mgando midomoni isipasuke, na asubuhi usiivute ile ngozi inayobanduka jamani, mkono unawasha lakini acha!! Siku hizi embe wananimenyea wanangu nakula kwa uma, nyama tupu, na sivimbi.

Kijana wa Manyoni
Huku kwetu mikorosho imelimwa mingi na ndo hivyohivyo, mafuta ya ganda la korosho ni hatari kuliko hiyo embe. Tulichoma korosho kwenye bati nyuma ya nyumba, moshi ukageukia upande wangu, kope zilivimba mpaka nikawa nachungulia. Ukichoma kaa upande upepo unakotokea na watoto wasogee.

Nesi mstaafu
Mwembe, mkorosho na ule mmea wa Marekani unaoitwa poison ivy ni ukoo mmoja, kinachowasha kinafanana. Kinagandana na ngozi ndani ya dakika chache kwa hiyo sabuni ni mapema, sio jioni ukioga. Kata kucha, fua foronya na taulo, osha na mpini wa panga. Yale maji ya malengelenge hayaambukizi mtu, mama endelea kumbeba mtoto wako. Kitambaa cha maji baridi mara kwa mara kinatuliza vizuri. Usoni krimu ya hydrocortisone asilimia 1, kidogo, siku chache, isiingie machoni wala mdomoni. Mwenye uzi soma hiyo tyubu, ikiandikwa clobetasol au betamethasone usimpake usoni, hizo kali zinakondesha ngozi. Macho yakizibika kwa uvimbe au kukiwa na usaha aonwe na daktari, kuna vidonge anaweza kuandikiwa. Ulimi ukivimba, sauti ikibadilika, pumzi ikibana, usisubiri asubuhi.

Dada wa Mtumba
Naongezea ua la ofisini, lile la majani mapana yenye mabaka meupe, wengi mnalo sebuleni. Mtoto wa mwenzetu alitafuna jani akapiga yowe hapohapo, mate yanachuruzika. Hilo halisubiri kesho kama embe, lina vijisindano vidogo vinachoma palepale. Tulimfuta mdomo kwa kitambaa chenye maji, tukampa maziwa baridi akanywa kidogokidogo, tukaenda naye zahanati. Kuna mtu alitaka kumtapisha akakatazwa. Ua lilihamia juu ya kabati, mie ningelitupa.

Mzee wa Kongwa
Na upupu je? Shule tulipakana sana ujinga ule. Ukikuna unasambaza vile vinyweleo, sie dawa yetu ilikuwa gundi ya karatasi, bandika bandua kwanza ndo unawe.

Boda Sabasaba
Nesi shikamoo, nikimeza Piriton naruhusiwa kuendesha? Uso unawasha na helmeti inakwaruza.

Nesi mstaafu
Marahaba. Hapana mwanangu, Piriton inalaza. Ulizia cetirizine, wengi hawasinzii nayo lakini anza nayo usiku uone mwili wako unaipokeaje, na hilo sponji la ndani ya helmeti lifue, kama lina utomvu utajipaka upya kila ukivaa.

Boda Sabasaba
Kumbe! Nalifua leo leo.