Tupeane uzoefu: sumatriptan na kipandauso, wewe inakusaidiaje?

Mwenye uzi: Jamani wana kipandauso wa Kampala, Jinja, Arua na popote mlipo, tuleteni hapa uzoefu wetu wa sumatriptan, vile vidonge vya kuandikiwa na daktari. Huku kwetu kichwa kikiuma kila mtu anakwambia malaria, unapimwa hamna kitu na bado unapewa dawa ya malaria. Kupima mpime, ila kipimo kikisema hamna basi tuendelee kutafuta ni nini. Changu kinashika upande mmoja kinatwanga kama kinu, mwanga siutaki, kelele sitaki, natapika. Niliandikiwa ya miligramu 50. Daktari alinielewesha kwamba hii inaenda kubana mishipa ya damu ya kichwani iliyotanuka na inazuia neva ya usoni isimwage zile kemikali zinazoleta maumivu, ndo maana jino au mgongo ukiuma haikusaidii chochote. Mimi nikiiwahi, ndani ya saa moja naanza kupata nafuu, nalala gizani kidogo, naamka mtu.

Dereva wa Busia: Hapo kwenye kuiwahi ndo penyewe. Mimi kabla kichwa hakijaanza naona mistari inang'aa machoni, naegesha gari pembeni hapohapo. Niliambiwa kwenye mistari nisimeze kwanza, ningoje maumivu yaanze, yakianza tu nameza na maji, kizima bila kutafuna. Na nikishameza siendeshi maana inaniletea usingizi, turnboy anajua leo tunalala hapa.

Mama wa Arua: Mimi kichwa kiliachia lakini kifua kilinikaba na shingo ikawa nzito, vidole vinawasha washa, niliogopa sana. Nikarudi kwa daktari, akapima presha, akanipima moyo kwa ile mashine ya nyaya, viko sawa, akasema wengine dawa inawafanya hivyo. Ila dada yangu mkubwa presha yake haitulii, yeye alikataliwa kabisa, kwa sababu dawa inabana mishipa, mwenye ugonjwa wa moyo au aliyewahi kupata stroki haimfai. Kwa hiyo tafadhali tusigawiane vidonge kama karanga, hata kama ni ndugu yako analia.

Nesi wa Mbale: Asante mama, hilo la kugawiana linaniuma kila siku kazini. Naongezea. Cha kwanza kikisaidia halafu kichwa kikarudi, unaweza kurudia baada ya saa 2 au zaidi, bila kuvuka kiwango cha siku ulichoandikiwa. Lakini cha kwanza kisipofanya kazi kabisa usiongeze kingine kwa shambulio hilohilo, hakitasaidia, meza paracetamol kama huna tatizo nayo. Usichanganye na dawa za zamani za kipandauso zenye ergotamini, na kama unatumia dawa za sonona mwambie daktari kabla. Halafu hesabuni siku! Ukiitumia siku 10 au zaidi kwa mwezi, mwezi baada ya mwezi, dawa yenyewe inaanza kuleta kichwa. Na kichwa kilichokuja ghafla kikali kuliko vyote maishani, au chenye homa na shingo kukakamaa, au mkono umelegea, hicho usikingojee na kidonge, panda boda nenda hospitali.

Mwanafunzi wa Makerere: Mimi kutapika ndo kulikuwa kunaharibu, kidonge kinatoka chote. Sasa naandikiwa na metoclopramide ya kuzuia kichefuchefu. Shida nyingine si kila famasi wanayo, kwa hiyo nanunua mapema nikiwa mzima, kichwa kikishaanza huwezi kuzunguka mjini na lile jua.

Mwenye uzi: Nesi, mimi naona siku zangu zinakaribia hizo 10, daktari ametaja propranolol ya kumeza kila siku ili mashambulizi yapungue, maana sumatriptan haikingi, inatibu kilichokwisha kuanza. Nani anatumia propranolol humu? Ilichukua muda gani mpaka ukaona tofauti, na mapigo ya moyo yanakuwaje?

Mama wa Arua: Uliza kwanza kama una pumu dada, mimi nilinyimwa kwa sababu hiyo, nikapewa amitriptyline ya usiku.