Mpira wa buti la gari unabanduka kila wiki, gundi gani itashika? Msaada wakuu

Mtu wa Goba: Wakuu habari za jioni. Nina Raum, mpira wa mlango wa nyuma umeachia gundi. Nilibandika kwa gundi ya viatu, siku nne tu ukaachia. Nikaja na supaglu, ikashika kama chuma, jua la saa nane likaipiga, ikakatika vipande na kuondoka na ngozi ya mpira. Sasa nikiinua mlango unaning'inia kama utumbo. Mvua ya juzi maji yamejaa mpaka kwenye shimo la tairi la spea. Naomba jina la gundi tu, nina haraka, iwe kabla ya Jumamosi. Natanguliza shukrani.

Kandambili: Bandika kwa ugali wa moto. Ukikauka hata greda haling'oi.

Mama Wawili: Pole kaka. Mimi nilibeba unga kilo 25 kwenye buti la Corolla kutoka Morogoro, mvua ikatukuta Chalinze. Kufika Kimara nafungua, uji. Na ulikuwa unga wa msiba, watu wanasubiri. Mama mkwe ananitania nao mpaka leo. Mpira wenyewe sikumbuki tuliufanyaje, nadhani tuliliuza gari.

Spana Nane: Supaglu ikikauka inakuwa kama kioo, na mpira unajikunja kila ukifunga mlango, lazima ipasuke. Ya viatu ingeweza kushika, tatizo watu wanaipaka kama jamu. Toa ya zamani yote, futa kwa spiriti (petroli hapana, inavimbisha mpira), paka nyembamba pande zote mbili, acha mpaka ukigusa haigandi kidoleni, ndipo ubandike na kukandamiza. Silikoni yenye harufu ya siki usiiweke penye bati tupu, inaita kutu.

Ila nina swali. Mpira wa namna hiyo ukitoka kiwandani hauhitaji gundi, una vyuma ndani vinavyobana ukingo wa bati. Gundi aliweka nani?

Mtu wa Goba: Niliikuta.

Spana Nane: Uliikuta wapi?

Mtu wa Goba: Sawa. Mwezi wa tatu nilikuwa kwenye foleni Mwenge, daladala likanigusa nyuma kidogo. Tukanyoosha, tukapiga puti na rangi, huwezi kujua. Fundi alisema ukingo umelegea kidogo, akaweka gundi. Gari liko vizuri sana. Msinipeleke huko jamani, mimi nimeuliza gundi.

Bwana Shauri: Na Jumamosi kuna nini?

Mtu wa Goba: Shemeji yangu anakuja kulichukua. Ameshatanguliza milioni 2. Hajaniuliza kama limegongwa, na mimi siwezi kuanza kumsomea historia ya gari. Angeuliza ningesema.

Bwana Shauri: Shemeji! Kaka wa mkeo! Huyo ndiye mtakayemwita siku ndoa ikiyumba. Dada yake akijua utalala kwenye hilo buti, na linavuja.

Mama Wawili: Ana watoto? La kwetu lilikuwa likiingiza moshi wa ekzosi, watoto wanalalamika kichwa, sisi tunasema ni jua.

Spana Nane: Dada umesema la maana kuliko wote. Monoksidi ya kaboni haina rangi wala harufu, na penye mwanya nyuma inavutwa ndani gari likiwa linakwenda. Maji ndiyo nafuu.

Chuma Chakavu: Ngojeni kwanza. Raum unainuaje mlango wa nyuma? Mlango wa nyuma wa Raum unafunguka kwa pembeni, kama wa friji. Nimeendesha miaka sita. Hii ni chai, tena haina sukari.

Kandambili: Hahaha! Na juzi jamaa huyuhuyu alikuwa kwenye uzi wa kuku wa mayai, akasema usafiri wake ni pikipiki.

Bwana Shauri: Kumbe nimemshauri mtu asiye na shemeji?

Mtu wa Goba: Pikipiki ni ya kusambaza mayai. Gari lipo, ni Spacio. Niliandika Raum kwa sababu shemeji ni mwanachama humu na hapitwi na uzi wa magari.

Chuma Chakavu: Na sasa umemtajia.

Mtu wa Goba: Viongozi wa jukwaa naomba mfute huu uzi.

Spana Nane: Chai au si chai, fanya hivi. Chukua kipande cha karatasi, kiweke juu ya mpira, funga mlango, vuta. Kikigoma, mpira unagusa. Kikiteleza, hapo bati limeingia ndani na hakuna gundi ya kujaza. Zunguka mlango wote.

Mtu wa Goba: Nimerudi. Kulia karatasi imechanika. Kushoto, juu ya taa, imeanguka kabla sijavuta.

Spana Nane: Basi ni bati. Rudi kwa fundi bodi aurudishe ukingo, kisha pitia maduka ya spea ya Gerezani utafute mpira wa mtumba, huo ulioliwa na supaglu haufai tena. Ni kazi ya siku tatu.

Mtu wa Goba: Jumamosi ni keshokutwa.

Kandambili: Ugali.

Chuma Chakavu: Shemeji akiikataa hiyo Spacio, unaiachia kwa bei gani?